Darasa Walilosema Hatulitaki

Wazee hustaafu kwa mvi. Mimi nimestaafu kwa tumbo. Sharti la kazi ni kwamba mwalimu wa kike akishika mimba anakabidhi chaki, hata kama aliolewa kanisani mbele ya watu wote na mume wake ni huyohuyo mmoja. Basi nilikabidhi. Mtoto sasa yuko mgongoni anatafuna ncha ya kanga yangu, na mimi naandika nimesimama kwenye meza ya cherehani ya mume wangu, kwa sababu nikikaa tu analia. Mkiona mwandiko umepinda mjue sababu.

Mmoja wenu, nyie mabinti mnaotoka chuoni kushika nafasi zetu, alinikuta kisimani hapa Dongobesh akaniuliza, "Dada, kazi ikoje huko?" Nilikuwa na ndoo kichwani. Nikamjibu, "Mbaya." Jibu lile lilikuwa fupi mno. Hili ndilo refu.

Mishahara na vyeo sivitaji. Mshahara ulikuwa mdogo na cheo hakikuwepo, yamekwisha hayo.

Mimi ni mtoto wa Tlawi. Nilisoma kwa masista, mbali, mpaka darasa la kumi, na niliporudi nikapangwa upande wa Maretadu, kwenye shule ambayo jina lake nitaliacha, maana waliomo sasa hawana kosa. Siku ya kwanza nilifika na sanduku la bati na viatu nimeshika mkononi, kwa sababu ya matope. Nilikuta darasa la wasichana limejaa. Limejaa kweli, hadi wengine wamekaa mlangoni. Nilifurahi nikajisahau, nikacheka peke yangu.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Danieli, mzee mfupi wa hukuhuku, mwenye koti moja ambalo alilivaa mvua na jua. Akaniambia, "Mwalimu Vero, usifurahi kabla hujawatazama mmoja mmoja."

Nikawatazama. Huyu mguu mfupi. Huyu jicho moja lina utando. Hawa wawili mayatima, wamekaa kama mizigo ya mtu mwingine. Yule anakohoa kikohozi ambacho ningekijua hata usingizini. Nikamgeukia Mwalimu Danieli.

"Serikali imemwambia chifu inataka wasichana shuleni," akasema. "Chifu akamwambia jumbe, jumbe akamtuma tarishi, tarishi akapita nyumba kwa nyumba. Sasa wewe ni mtoto wa Kiiraqw. Ukidaiwa ng'ombe na mtu usiyempenda, unampa yupi?"

 Kila mtu anajua unampa yupi. Hutoi mtamba mzuri. Unatoa yule anayechechemea na unamsifu njiani.

Hivyo ndivyo shule ilivyoletwa kwetu, wadogo zangu, msije mkadanganywa. Haikuja kama chakula. Ilikuja kama kodi, na watu wakailipa namna watu wanavyolipa kodi. Halafu waliopanga kuidai kama kodi wakashangaa kwa nini haipendwi.

Kwenye benchi la mwisho alikaa binti mmoja mzima kabisa, miguu miwili, macho mawili, meno yote. Nikamuuliza jina. Hawu. Nikamuuliza yeye kaletwa kwa nini.

"Mdomo, Mwalimu."

"Mdomo wako una nini?"

"Hauna kitu. Baba anasema hauna mlango."

Darasa zima likacheka, hata yule wa kikohozi. Baba yake alikuwa na mabinti watatu, na alipofika tarishi akatoa yule aliyemchosha masikio. Nawaambia ukweli, huyu Hawu hakuwa malaika wala hakuwa na akili za ajabu. Hesabu za mafungu zilimpiga chenga kama zinavyompiga kila mtu. Ila alikuwa akiuliza. Ukimwambia jambo anauliza "kwa nini", ukimjibu anauliza "nani kasema". Mwalimu anayeanza kazi anamchukia mtoto wa namna hiyo. Mkimpata, vumilieni wiki chache. Ndiye atakayewafundisha kujiandaa.

Kuhusu vifaa. Vibao vya kuandikia tulikuwa navyo pungufu, na nusu vimevunjika. Mwalimu Danieli alinifundisha kwamba kibao kilichovunjika ni vibao viwili: unasugua kingo kwenye jiwe la mtoni zisikate vidole, unampa kila mtoto kipande chake. Chaki ikiisha tulichimba udongo mweupe pale kijitoni, tukaufinyanga na kuukausha juani. Unaandika vizuri ila unakohoa. Kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa benchi, na watoto waliokaa upande wa pili wakajifunza kusoma herufi zikiwa juu chini. Mmoja wao hadi leo ukimpa kitabu anakigeuza kwanza.

Kifaa kimoja tu hakikupungua kamwe: jembe. Majembe yalikuja mapya, yamepakwa mafuta, yamefungwa kamba. Walioandika mtaala waliogopa kwamba mtoto akisoma ataondoka shambani, kwa hiyo wakaamua shule yenyewe iwe shamba. Watoto waliamka kwao, wakaacha mama zao wakilima, wakapanda mlima kuja shule, wakafika wakakabidhiwa jembe. Kitabu cha kilimo kilitufundisha eti samadi inafaa mazao. Nilipomsimulia bibi yangu kule Tlawi, bibi aliyelala na ng'ombe nyumba moja maisha yake yote na kubeba samadi yao kwa kikapu mpaka mgongo ukapinda, alicheka hadi akakaa chini. "Wazungu wamejua lini?" akauliza. Wasichana waliongezewa somo la maarifa ya nyumbani. Nilipaswa kuwafundisha kuoka keki katika jiko lenye mlango wa chuma. Mlango wa chuma tuliouona ulikuwa ule wa mahabusu ya bomani Mbulu, tena kwa nje.

Sisemi haya ili mcheke. Semeni nanyi kama mnaweza kuwatazama wazazi usoni na kuwaambia, "Tumemchukua binti yenu ili tumfundishe kulima na kupika."

Miaka ikaenda. Danieli alinionyesha kazi ambayo chuoni hamtafundishwa. Jioni akimaliza kazi haendi kwa baba wa mtoto. Anaenda kwa mama. Hataji shule. Anasalimia, anakaa, anasifu mahindi, anauliza ndama. Mara ya tatu au ya nne, mama mwenyewe ndiye anauliza, "Huyu wangu huko anafanya nini?" Nikamuiga. Nilichota maji na mama wa Hawu, nikapukuchua naye maharage, nikamsikiliza akimlalamikia mume. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto sasa anapiga kelele kwa mpango." Nilijua hapo nimeshinda nyumba moja.

Na kulikuwa na jambo jingine, kubwa kuliko yote. Mwenyeji wa Mbulu analijua, nyie mnaotoka mbali msikilize. Nyumba ikipatwa na msiba wa aina fulani, hasa mama akifiwa na mtoto mchanga, nyumba nzima inajitenga. Wenyewe tunaita metimani. Haiazimi moto kwa jirani, haichoti maji penye maji ya wote, watoto wake hawachezi na watoto wa watu, mpaka muda upite na wazee waifungue. Wakitoka kabla, msiba unaweza kufuatana nao ukaingia kwa wengine. Mimi nimebatizwa. Sisemi naamini, sisemi siamini. Nasema ndivyo watu walivyolindana kabla shule haijafika, na mtu anayejitenga anafanya hivyo kwa ajili ya jirani yake, si kwa ajili yake mwenyewe.

Sheria ya mahudhurio haikuijua metimani. Mtoto akikosa, baba anaitwa barazani. Mwalimu Danieli alikuwa na dawa ya neno moja. Tarishi akija kuuliza, "Fulani yuko wapi?" yeye anajibu, "Mgonjwa." Basi. Serikali ikaridhika, kwa sababu ugonjwa inaujua. Wazee wakaridhika. Mtoto akirudi tunamfidia masomo jioni. Kwa neno hilo moja mzee yule aliishikilia shule, huku serikali ikivuta upande huu na jamii upande ule, na wala hakuna upande uliomshukuru.

Wale wasichana waliotolewa kama ng'ombe wabovu wakafika darasa la nne. Wengine walikufa, wengine waliolewa, lakini waliobaki walikuwa darasa. Darasa la nne ndilo kisu. Ukifanya mtihani ukapita, unakwenda shule ya kati. Usipopita, serikali imemalizana na wewe. Mkaguzi wa elimu, Mzungu mrefu aliyepanda kwetu mara chache kwa mwaka, alituambia kinaga ubaga: wasichana hawa wakikaa kwenye mtihani, hata akipita mmoja, darasa la wasichana litaendelea na wadogo zao watakuwa na pa kuingia. Wasipokaa, linafungwa. Kwa hiyo hatukuwa tunasomea mtihani wa watu wachache. Tulikuwa tunasomea kila binti wa bonde lile.

Hapo ndipo walipomhamisha Mwalimu Danieli, wakampeleka Mogitu, kwa wafugaji. Kwa nini? Uhamisho hauulizwi. Aliondoka na koti lake, akaniachia neno: "Ugonjwa usikosekane."

Akaja Mwalimu Elia, mtu wa mbali, msafi, mkweli, asiyekunywa. Sitamsema vibaya kuliko alivyokuwa. Aliamini kwamba sheria ikifuatwa barabara watu wataelimika. Kuna watu wabaya unaowaweza, na kuna watu wazuri wasioongopa. Hao wa pili ndio waliotumaliza.

Wiki chache kabla ya mtihani, mama wa Hawu alijifungua, na mtoto hakuishi. Nyumba ikaingia metimani. Nilikwenda, nikasimama mbali, kama inavyotakiwa, nikatoa pole kwa sauti. Hawu akaja akasimama ng'ambo ya ua.

"Mwalimu, mtihani je?"

"Nitasema unaumwa. Nitaomba ufanyie huku."

"Watakubali?"

"Nitaomba."

"Hujanijibu," akasema. Bado mdomo wake haukuwa na mlango.

Nikamwendea Mwalimu Elia. Nikamweleza yote, polepole, kama unavyomweleza mgeni njia.

"Anaumwa nini?" akauliza.

"Amefiwa, Mwalimu."

"Kufiwa si ugonjwa. Mimi nimefiwa na baba nikaja kazini kesho yake."

"Kwenu. Hapa akija, wengine wataondoka."

"Dada Vero, unataka niandike uongo?"

"Ndiyo," nikasema. "Neno moja."

Akanitazama kama niliyemwomba aibe. Mkaguzi alipopita kuleta habari za mtihani nikamwomba mwenyewe, kwa Kiingereza nilichopewa na masista. Binti mmoja afanyie mtihani wake peke yake, nje, chini ya paa la nyumba ya mwalimu, na kibao chake na maji yake. Wengine wafanye darasani. Hakuna kitakachopotea. Mkaguzi alikuwa mpole. Alisema serikali haiwezi kumtahini msichana mmoja peke yake kwa ajili ya ushirikina, kwamba ikifanya hivyo leo, kesho kila mmoja atataka nyumba yake ya mtihani. Akasema shule ipo ili mambo hayo yaishe. Akanywa chai yetu, akaondoka.

Kesho yake Elia akamtuma tarishi. Tarishi akasimama nje ya ua wa watu wenye msiba na kumwambia baba achague: binti aende shule au yeye aende Mbulu kufungwa. Baba akamtoa Hawu kwa mara ya pili.

Nilikuwa naandika ubaoni. Nikasikia darasa limenyamaza, kimya kile cha kuku waliomwona mwewe. Hawu alikuwa mlangoni, tarishi na Mwalimu Elia nyuma yake. Hakuingia.

"Ingia ukae," Elia akasema.

"Mwalimu, nikiingia hawa watatoka."

"Hakuna atakayetoka. Ingia."

"Basi nikae hapa mlangoni. Nasikia vizuri, nina masikio kama mdomo."

Hakuna aliyecheka. Elia akamshika bega, kwa upole tu, akamwingiza na kumkalisha benchi la mbele, katikati ya wenzake. Kisha, ili aonyeshe kwamba hakuna la kuogopa, akachota maji kwenye mtungi wa darasa, mtungi ambao wote walinywea, akampa. Hawu akakishika kikombe. Hakunywa. Machozi yakamtoka huku amekishika. Elia akasema, "Kunywa, binti yangu," naye akanywa, kwa sababu tulikuwa tumemfundisha miaka minne kutii.

Theresia, yule wa mguu mfupi, ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alichukua kipande chake cha kibao akakiweka vizuri mezani, akasema, "Samahani, Mwalimu," akatoka akichechemea. Halafu mwingine. Halafu wote. Hawakukimbia. Kila mmoja alisema samahani.

Mchana mama zao wakaja. Sijui nani aliwaita. Walikuja pamoja, wakiwa na fimbo zao za kutembelea, wakabeba mtungi wetu nje na kuuvunja juu ya mawe, maana maji yale hayakuwa ya mtu tena. Mama wa Theresia alikuwa rafiki yangu. Nilikuwa nimemshikia tochi akijifungua. Akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Kwa watu wetu mnajua hilo lina uzito gani. Akasema, "Wewe ni mtoto wa Tlawi. Huyu mgeni hajui. Wewe unajua."

"Nilisema, mama. Nilikataa."

"Ulikataa halafu ukaendelea kuandika ubaoni?"

Nikamwambia kazi hii si yangu, ni ya serikali. Akasema, "Sasa tumeiona." Wakaondoka.

Siku ya mtihani Mkaguzi alifika na karatasi zake zimefungwa kwa lakiri. Wavulana walijaa chumba chao. Chumbani mwa wasichana alikaa mtu mmoja. Hawu alikuja mwenyewe, bila tarishi. Hakukuwa tena na mtu ambaye yeye angemletea msiba, wenzake hawakuwepo, basi akaja. Alikuwa ameoga na kupaka mafuta, akakaa benchi la mbele, mikono juu ya meza, kama nilivyowafundisha.

Nikamwambia Mkaguzi, "Huyu hapa. Mmoja. Mpe karatasi."

Akatazama benchi tupu. Akasema darasa la mtu mmoja si darasa. Alisema masharti yanataka idadi, na haiwezekani kufungua bahasha ya wasichana kwa ajili ya msichana mmoja. Nikamkumbusha kwamba nilimwomba amtahini huyu peke yake nje, ili wengine wakae ndani, na sasa yuko ndani peke yake. Akasema, "Ndiyo, inasikitisha." Nadhani alisikitika kweli. Ndilo lililonichoma.

Hawu akauliza kwa Kiiraqw, "Anasema nini?"

"Anasema hapana."

"Kwa nini?"

 Akangoja kidogo, kwa heshima. Halafu akainuka, akaingiza benchi chini ya meza, akaenda kwao.

Darasa likafungwa. Sababu iliyotumwa Mbulu ilikuwa kwamba wenyeji wa upande ule hawataki elimu ya wasichana. Elia aliniambia hivyo, akaongeza kwamba ni kweli, kwa sababu kama wangetaka wangekuja. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mtoto yuko mgongoni.

Mimi nikabaki nafundisha wavulana wadogo. Niliwafundisha vizuri, sikuwa na ugomvi nao. Lakini niliwaona wasichana wakipita nje ya dirisha na mitungi, hawageuki hata kutazama, na ndani mimi nasema "Baba ana ng'ombe, baba analima". Nikaolewa. Nikapata mimba. Nikastaafu. Kuna waliosema nilie kidogo siku ya kuaga. Nilikuwa nimeshalia.

Hawu nilikutana naye Katesh, siku ya mnada. Aliolewa huko chini ya mlima, mbali, kwa watu wasioijua habari yake, kwa sababu kwao nani angemwoa binti aliyevunja metimani? Nilimkuta kwenye duka la mama mmoja Mwislamu, mke wa mfanyabiashara, amezungukwa na wanawake wa kifugaji wenye sketi za ngozi na bangili za shaba. Wanamshikia kanga moja baada ya nyingine, naye anawasomea maneno ya pindoni.

"Hii inasema: Usinijue leo, jana nilikuwepo."

"Hiyo nampa mke mwenzangu!" mmoja akapiga kelele, na duka zima likacheka.

Mwenye duka akaniambia, "Nikiwa na huyu, siku ya mnada nauza mara mbili. Ningekuwa nao watano!"

Hawu akaniona. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Nikaanza kulia kama mjinga.

"Mwalimu, usinililie hapa, utanifukuzia wateja." Akanichukulia mtoto, akamrusharusha. "Wa kike?"

"Wa kike."

"Utampeleka wapi asome?" akauliza. Ndilo swali alilouliza. Nami nikasema nitaona.

Nilirudi Dongobesh na swali hilo. Nikawatafuta kina mama wa bonde lile, mmoja mmoja, kama Mwalimu Danieli alivyonifundisha. Nikakuta wameshatangulia. Mama wa Theresia akaitikia shikamoo yangu. Theresia, akasema, anaandika majina ya ng'ombe wa ukoo na kuwasomea wazee barua za vijana wanaofanya kazi mashambani kwa Wazungu, na sasa kila mama anataka wa kwake mwenye kujua. Metimani wangeipangia wenyewe. Walikuwa wamekaa na wazee wakakubaliana: atakayefiwa, mtoto wake afundishwe nje ya ua mpaka wazee waifungue nyumba. Hakuna aliyewasukuma. Kwa mara ya kwanza tangu shule ije Mbulu, watu walikuwa tayari kutoa mitamba yao.

Wakaenda barazani kuomba darasa la wasichana. Nikaenda nao, mtoto mgongoni. Bwana Shauri, Mzungu wa bomani, alikuwa mpya, Kiswahili bado hakijamkaa na Kiiraqw hakijui kabisa, kwa hiyo palikuwa na mkalimani, kijana wa bomani mwenye viatu vinavyong'aa. Aliyesimama kusema alikuwa mama wa Hawu. Alisema vizuri, hakupayuka. Mkalimani akatafsiri. Bwana Shauri akafungua jalada, akasoma, akajibu kwa huruma kwamba kwa bahati mbaya darasa hilo lilikuwepo, na wenyeji walilikataa wenyewe. Fedha zilikwenda kwingine, kwa watu wanaotaka.

Mkalimani akamweleza. Mama wa Hawu hakukaa.

"Mwambie," akasema, "tulimkataa mtu aliyemwingiza mtoto wangu kwa nguvu. Darasa hatukulikataa. Nani alikuja kutuuliza?"

Mkalimani akamgeukia Bwana Shauri, akasema kwa Kiingereza, "Anashukuru, Bwana. Amesema wameelewa."

Nikasimama. Wanaume wa baraza wakaguna, mmoja akasema, "Huyu mwenye mtoto ni nani?" Sikungoja ruhusa. Nikasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, alichosema yule mama. Nikaongeza habari ya mtungi, ya benchi la mbele, ya bahasha isiyofunguliwa. Nikasema hawa wanawake wako mbele yako leo, waulize. Nilisema yote bila kutetemeka, na mtoto hakulia.

Bwana Shauri alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukachangamka. Akaniambia Kiingereza changu ni kizuri sana, hajapata kumsikia mwanamke wa huku akikisema hivyo, nimekipata wapi?

"Shuleni," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa furaha, akamwambia mkalimani aite shauri linalofuata.